Utunzaji wa Hesabu za Chama katika Diski Mbili za Kompyuta

Mkulima afikapo na mzigo wake katika ghala la chama cha msingi, karani hupima, husoma uzito, na kuandika stakabadhi juu ya karatasi ya kaboni. Mkono mmoja huandika, karatasi mbili hupata habari. Ya juu huchukuliwa na mwanachama, ya chini hubaki katika kitabu. Utaratibu huo ni wa zamani, na ni kinga ya mkulima siku kitabu kinapoloa maji au kuliwa na mchwa.

Siku hizi vyama vingi vimehamisha hesabu hizo katika kompyuta. Uzito wa kila mzigo, daraja la zao, makato ya pembejeo, mikopo na malipo ya kila mwanachama huandikwa ndani ya diski isiyozidi ukubwa wa kiganja. Diski hiyo ikifa katikati ya msimu wa malipo, mwenye stakabadhi mkononi ataweza kudai haki yake. Aliyepoteza stakabadhi hatakuwa na shahidi. Kwa hiyo habari ya diski si ya fundi peke yake. Ni habari ya haki ya mwanachama, na Bodi ya chama yapaswa kuielewa kabla ya kutia sahihi hati ya manunuzi.

Makala haya yanaeleza namna ya kuunganisha diski mbili za kisasa za aina ya SSD katika kompyuta moja ya ofisi, ili moja ikifa nyingine iendelee na kazi. Yanaeleza pia jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi, nalo ni kwamba diski mbili zilizounganishwa hivyo si badala ya nakala ya akiba.

MAANA YA RAID

Mpango wa kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama diski moja hujulikana kwa jina la RAID. Jina hilo lilienea mwaka 1988, wakati wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walipotoa maandishi yao juu ya kutumia diski nyingi za bei nafuu mahali pa diski moja kubwa ya ghali. Walijua ya kuwa diski zikiwa nyingi, na vifo vyake vitakuwa vingi. Kwa hiyo walieleza njia za kuweka habari za ziada ili diski moja inapokufa kazi isisimame. Njia hizo hupewa namba. Kwa ofisi ya chama inatosha kuzifahamu tatu.

RAID 0 hugawanya kila faili vipande vipande, nusu huku na nusu huku. Kasi huongezeka, lakini hakuna ziada yoyote. Ikifa diski moja, zote mbili hazina maana, kama vile kitabu cha hesabu kilichochanwa kila ukurasa katikati na nusu moja ikapotea. Njia hii haifai kabisa kwa hesabu za wanachama, hata kama muuzaji ataisifia kasi yake.

RAID 1 huitwa kioo. Kila kinachoandikwa huandikwa katika diski zote mbili kwa wakati mmoja. Hii ndiyo karatasi ya kaboni ya kompyuta. Nafasi inayopatikana ni ya diski moja tu, na ya pili ndiyo gharama ya usalama.

RAID 5 huhitaji diski tatu au zaidi, nayo hutumia hila ya hesabu. Chukua mfano wa karani mwenye karatasi tatu: ya kwanza ina kilo 120, ya pili ina kilo 85, na ya tatu ina jumla yake, kilo 205. Karatasi ya pili ikipotea, karani hutoa 120 katika 205 na kuipata 85. Kompyuta hufanya hesabu ya namna hiyo kwa alama zake ndogo kabisa. Njia hii huokoa nafasi, lakini kila badiliko dogo hulazimisha ile jumla nayo iandikwe upya. Chama chenye kompyuta moja na mafaili ya kadiri hakina haja ya mzigo huo. Kioo chenye diski mbili chatosha.

SIFA NA MIPAKA YA DISKI ZA SSD

Diski za zamani zilikuwa na sahani zinazozunguka na sindano inayosoma juu yake. Diski za SSD hazina kitu kinachozunguka. Habari huwekwa kama chaji za umeme katika chipu. Hazipigi kelele, haziumizwi upesi na mtikisiko, na kompyuta huwaka kwa haraka zaidi.

Pamoja na sifa hizo, kila sehemu ya chipu huchakaa kidogo kila inapofutwa na kuandikwa tena. Watengenezaji hutaja kikomo cha maandishi ambayo diski imepimiwa. Diski ya Samsung 870 EVO ya gigabaiti 500, mathalani, hutajwa terabaiti 300. Ofisi ikiandika gigabaiti 20 kila siku, jambo ambalo ni zaidi ya mahitaji ya vyama vingi vya msingi, kikomo hicho kitafikiwa baada ya siku 15,000, yaani zaidi ya miaka 41. Ni dhahiri basi kwamba uchakavu wa kuandika si adui mkubwa wa chama. Dhamana ya diski hiyo yenyewe ni miaka 5, na sehemu nyingine za umeme zilizomo ndani yake zaweza kufa mapema zaidi na bila dalili. Diski ya zamani mara nyingi ililia kabla ya kufa. SSD yaweza kuwa nzima jioni na asubuhi isionekane kabisa na kompyuta.

Lipo jambo la pili. SSD isiyopata umeme kwa muda mrefu hupoteza habari taratibu, na joto huharakisha upotevu huo. Kanuni ya shirika la vipimo la JEDEC yataka diski ya matumizi ya kawaida, iliyokwisha kutumika hadi kikomo chake, itunze habari kwa mwaka 1 bila umeme katika joto la nyuzi 30. Diski mpya hutunza kwa muda mrefu zaidi. Hata hivyo, kabati la chuma katika ofisi iliyoezekwa bati si mahali pa kuhifadhi hesabu za miaka ndani ya SSD.

PACHA HUZEEKA PAMOJA

Faida ya kioo huelezwa kwa hesabu nyepesi. Ifikiriwe kwamba katika kila diski 100 hufa 2 kwa mwaka. Ofisi yenye diski moja ina hatari ya 2 katika 100. Ofisi yenye RAID 0 ina hatari inayokaribia 4 katika 100, kwa kuwa kifo cha yoyote ni msiba wa zote. Katika kioo, hata zikihesabiwa vifo vya mwaka mzima bila diski yoyote kubadilishwa, hatari ya kufa zote mbili ni 2 katika 100 mara 2 katika 100, yaani 4 katika 10,000.

Hesabu hiyo ya mwisho ina sharti ambalo husahauliwa. Ni kweli tu ikiwa kifo cha diski moja hakihusiani na kifo cha nyingine. Diski mbili zilizotoka kiwandani siku moja, zikafungwa kompyuta moja siku moja, na kuandikwa maneno yale yale kwa dakika zile zile, ni pacha. Ikiwa moja ina kasoro ya kuzaliwa, na ya pili inayo.

Mfano wake ulionekana dhahiri Novemba 2019. Kampuni ya Hewlett Packard Enterprise iliwatangazia wateja wake kwamba baadhi ya diski zake za SSD, zisiporekebishwa programu yake ya ndani, zingekufa zitakapofikisha saa 32,768 za kuwaka, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8. Diski zilizowashwa pamoja zingeweza kufa karibu wakati mmoja, na habari zilizomo zisingerudishwa. Kioo kisingesaidia kitu, maana pande zote mbili zingevunjika pamoja.

Funzo kwa chama ni jepesi na halina gharama kubwa: zinunuliwe diski za kampuni mbili tofauti zenye ukubwa unaolingana. Zikitofautiana kidogo, mathalani moja gigabaiti 500 na nyingine 480, kioo kitachukua kipimo cha ile ndogo. Hasara ya gigabaiti 20 ni ndogo kuliko hasara ya kununua kasoro moja mara mbili.

MAHITAJI

Kwa kompyuta ya mezani inayotumia Windows, mpango ulio mwepesi kusimamia ni wa diski tatu. Moja hubeba Windows na programu za kazi. Mbili hubeba hesabu za chama katika kioo. Diski ya Windows ikifa, programu zaweza kuwekwa upya, na hesabu zitakuwa salama mahali pake.

Kioo chaweza kutengenezwa na ubao mkuu wa kompyuta, au na Windows yenyewe kwa kutumia Storage Spaces. Kilichotengenezwa na ubao mkuu hutegemea ubao wa aina ile. Ukiungua, hulazimu kutafuta unaopatana nao. Kilichotengenezwa na Storage Spaces chaweza kuhamishiwa kompyuta nyingine yenye Windows inayokitambua. Kwa vyama vilivyo mbali na maduka ya vipuri, njia ya pili yafaa zaidi.

Aidha, ni lazima kuwe na UPS, ile betri inayoshikilia kompyuta umeme unapokatika. SSD nyingi za bei ya kawaida hazina akiba ya umeme ndani yake ya kumalizia maandishi yaliyokuwa njiani. Umeme ukikatika ghafla, kioo chaweza kuhifadhi kwa uaminifu faili iliyoandikwa nusu.

HATUA ZA KUFUNGA

1. Kwanza kabisa hesabu zote zilizopo zinakiliwe katika diski ya nje, na nakala ifunguliwe katika kompyuta nyingine kuhakikisha inasomeka. Kutengeneza kioo hufuta kila kilichomo katika diski zinazounganishwa.

2. Namba ya utambulisho iliyochapwa juu ya kila diski iandikwe katika rejista ya mali za kudumu, pamoja na tarehe ya kununuliwa. Kila diski ibandikwe karatasi yenye herufi kubwa, A au B. Fundi asiyejua ipi ndiyo iliyokufa aweza kuing'oa iliyo hai.

3. Kompyuta izimwe na waya wa umeme uchomolewe. Fundi aguse chuma cha kasha kabla ya kushika diski, ili umeme wa mwilini usiunguze chipu. Kila diski ya umbo la kawaida hupata waya mbili, mmoja wa umeme na mmoja wa habari, kisha hukazwa kwa skrubu. Isiachwe ikining'inia.

4. Kompyuta iwashwe. Katika sehemu ya kutafutia ya Windows liandikwe jina Storage Spaces, na dirisha lake lifunguliwe. Huchaguliwa kuunda fungu jipya la diski, na alama hutiwa mbele ya A na B tu. Ukubwa na jina la kila diski visomwe kwa sauti na mtu wa pili kabla ya kukubali, maana hapa ndipo kosa la kufuta diski isiyohusika hutokea.

5. Windows huuliza aina ya ulinzi. Huchaguliwa kioo cha njia mbili. Ile aina iitwayo rahisi isichaguliwe, kwa sababu haina ziada. Katika nafasi ya ukubwa kisiandikwe kipimo kinachozidi nafasi iliyopo kweli. Programu hukubali kuandikiwa zaidi, na siku nafasi itakapokwisha kazi itasimama. Mhasibu asishangae kuona diski ya gigabaiti 500 ikisomeka kama 465 hivi. Ni tofauti ya namna ya kuhesabu, hakuna kilichoibwa.

6. Eneo jipya hupewa herufi na jina, mathalani HESABU, na sasa programu ya hesabu huelekezwa kuandika humo.

JARIBIO KABLA YA KUPOKEA KAZI

Kazi hii isipokewe wala kulipiwa kwa kuangalia tu. Kabla ya hesabu halisi kuingizwa, mafaili machache ya majaribio yawekwe katika eneo la HESABU. Kompyuta izimwe, diski A ichomolewe, kompyuta iwashwe. Mafaili yapaswa kufunguka, na Windows yapaswa kutoa onyo kwamba ulinzi umepungua. Kisha kompyuta izimwe, A irudishwe, kompyuta iwashwe, na kioo kiachwe kijirekebishe mpaka onyo liondoke. Baada ya hapo jaribio lirudiwe kwa diski B.

Ikiwa mafaili hayafunguki, ni heri kujua siku hiyo, fundi akiwapo na hesabu zikiwa bado katika diski ya zamani. Kioo ambacho hakikujaribiwa ni ahadi tu, na mkaguzi hakubali ahadi badala ya hati.

Siku diski moja itakapokufa kweli, jambo la kwanza si kutafuta bisibisi. Jambo la kwanza ni kutoa nakala ya hesabu zote katika diski ya nje, kwa sababu tangu dakika ile chama kinaishi kwa diski moja. Kisha namba ya diski iliyokufa husomwa katika Storage Spaces na kulinganishwa na rejista. Diski mpya hufungwa na kuongezwa katika fungu, programu hunakili, na mwisho ile iliyokufa huondolewa katika orodha.

LILE AMBALO KIOO HAKILIWEZI

Hapa yafaa kurudi kwenye karatasi ya kaboni. Karani akiandika kilo 58 mahali pa 85, karatasi zote mbili zitasema 58. Kaboni haijui ukweli; yajua mkono tu. Vivyo hivyo karani akifuta faili la malipo kwa bahati mbaya, kioo hulifuta pande zote mbili papo hapo. Programu haribifu inayofunga mafaili na kudai fedha itafunga pande zote mbili. Mwizi akibeba kasha la kompyuta, amebeba A na B pamoja. Moto nao hauchagui.

Stakabadhi ya kaboni ilimlinda mkulima kwa sababu moja ambayo ni rahisi kuisahau: karatasi mbili zile zilitengana. Moja ilibaki ofisini, nyingine ilikwenda nyumbani. Zingalikaa katika kitabu kimoja, zingaliungua pamoja. Diski mbili ndani ya kasha moja ni karatasi mbili ambazo hazikutengana.

Kwa hiyo, pamoja na kioo, kila chama kiwe na diski mbili za nje za aina ya zamani inayozunguka, ambayo haitegemei chaji kutunza habari. Kila Ijumaa, na kila jioni katika msimu wa ununuzi, nakala itolewe katika mojawapo. Programu ya hesabu ifungwe kwanza, au itumiwe njia yake yenyewe ya kutoa nakala, maana faili linalonakiliwa likiwa wazi huenda lisifunguke baadaye. Nakala ikishakwisha, diski ichomolewe. Iliyoachwa imeunganishwa hudhurika pamoja na kompyuta. Diski moja ikae katika kabati la ofisi, nyingine ikae nje ya jengo, benki au katika ofisi ya Chama Kikuu, na zibadilishane zamu.

Nakala zinazotoka ofisini zifungwe kwa neno la siri, kwa kuwa zina majina, akaunti na madeni ya watu. Katika Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yamtaka anayetunza taarifa hizo azilinde. Neno lenyewe liandikwe na kuwekwa katika bahasha iliyofungwa, ndani ya sefu, ili kuondoka kwa mhasibu kusiwe ndiko kupotea kwa hesabu.

WAJIBU WA BODI NA MENEJA

Kifunguliwe kitabu kidogo cha diski. Kila mwezi Meneja aandike mambo manne na kutia sahihi: Storage Spaces inasema nini juu ya kioo, afya ya kila diski kwa asilimia, kama inavyoonyeshwa na programu ya mtengenezaji wake, tarehe ya nakala ya mwisho, na mahali nakala ya nje ilipo. Kila miezi mitatu nakala moja ifunguliwe katika kompyuta nyingine, na akaunti za wanachama watano zilinganishwe na stakabadhi zao za karatasi. Matokeo yasomwe katika kikao cha Bodi.

Kazi hiyo haizidi saa moja kwa mwezi. Haihitaji mtaalamu kutoka mjini, na gharama yake haifiki thamani ya magunia machache. Lakini siku diski itakapokufa, nayo itakufa siku moja, karani hatahitaji kumwambia mkulima kwamba mazao yake ya msimu mzima hayaonekani.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la siku hizi limo ndani ya chipu, na chama kilichowekewa amana na wanachama wake chapaswa kuhakikisha kwamba daftari hilo lina pacha ofisini, na ndugu yake anakaa nyumba nyingine.